Bunduki Tupu Mbele ya Kaburi: Uchambuzi wa Kisa cha Ottawa, 2014

Dada yangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Siku moja alinipigia simu saa mbili usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa anahesabu magunia yake, akaniuliza: "Kaka, hivi ni kweli wale askari wanaosimama kwenye mnara wa mashujaa bunduki zao hazina kitu ndani?" Mwanawe wa pili yuko jeshini, na alikuwa amechaguliwa kusimama kwenye shughuli ya kumbukumbu upande wa Kagera. Jirani yake wa kizimba alikuwa amemwonyesha kwenye simu habari ya askari wa Kanada aliyeuawa mbele ya kaburi, bunduki mkononi, haina risasi hata moja. Tangu hapo usingizi ukamruka.

Kazi yangu mimi ni kufundisha walinzi. Nilianzia mgambo, nikalinda maghala na majengo hapa Mwanza, na huu ni mwaka wa kumi na tisa nawafundisha vijana kushika lindo, kukagua silaha na kukabidhiana zamu. Dada alitegemea nimjibu papo hapo, nikashindwa. Kinachowekwa au kisichowekwa ndani ya bunduki za jeshi letu siku ya gwaride ni jambo la jeshi lenyewe, wala sitaligusa hapa. Kisa cha Kanada, kwa upande mwingine, kiko wazi mbele ya dunia nzima. Nilikichukua, nikakaa nacho wiki mbili, nikakiingiza na darasani.

Kilichotokea

Ottawa, mji mkuu wa Kanada, una Mnara wa Kitaifa wa Vita uliozinduliwa na Mfalme George wa Sita mwezi Mei 1939. Mbele yake kuna Kaburi la Askari Asiyejulikana. Aliyelazwa humo ni askari wa Kanada aliyekufa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mabaki yake yalirudishwa nyumbani mwaka 2000. Jina lake halijulikani, kwa hiyo kila familia iliyopoteza kijana bila kumzika inaweza kusema yule ni wao.

Julai 1, 2006, siku ya sikukuu ya taifa lao, vijana walipigwa picha wakikojoa kwenye mnara ule. Watu walikasirika sana, na ni baada ya aibu hiyo ndipo ukaanzishwa utaratibu wa kusimamisha askari wa heshima pale kaburini. Hapa namwomba msomaji asipite haraka. Askari wale waliwekwa ili mtu mwenye nia ya kuchafua aone haya. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mtu mwenye bunduki.

Jumatano ya Oktoba 22, 2014, ikikaribia saa nne asubuhi kwa saa za kule, zamu ilikuwa ya Koplo Nathan Cirillo na mwenzake mmoja. Cirillo alikuwa na umri wa miaka 24, askari wa akiba wa kikosi cha Argyll and Sutherland Highlanders cha mji wa Hamilton. Bunduki zao zilikuwa za kweli, za kijeshi, ila hazikuwa na risasi. Watalii walikuwa wanapiga picha. Mtu mmoja, Michael Zehaf-Bibeau, miaka 32, akaja kwa nyuma akiwa na Winchester ya zamani ya kuwindia, ile ambayo baada ya kila risasi lazima uvute mkono wa chini ndipo ifyatue tena. Mtu huyo alikuwa amepigwa marufuku na sheria kuwa na silaha. Akampiga Cirillo kwa karibu, mgongoni.

Wapita njia walikimbilia kumsaidia. Miongoni mwao alikuwa wakili mmoja mwanamke aliyewahi kutumikia jeshi la maji. Alipiga magoti pale chini na kumwambia yule kijana kwamba anapendwa. Cirillo hakupona.

Muuaji aliingia kwenye gari lake, akaenda hadi eneo la Bunge lililo jirani, akapora gari la waziri mmoja, akaingia ndani ya jengo. Mlangoni alimjeruhi askari mmoja mguuni. Akafia kwenye ukumbi wa ndani kwa risasi za walinzi, mmoja wao akiwa Mpambe wa Bunge, Kevin Vickers. Tangu kaburini hadi hapo ni dakika chache mno.

Siku mbili kabla, Oktoba 20, mji wa Saint-Jean-sur-Richelieu katika jimbo la Quebec, mtu mwingine alikuwa amewagonga askari kwa gari makusudi na kumuua Afisa Mteule Patrice Vincent. Na siku mbili baada ya kifo cha Cirillo, Oktoba 24, walinzi wa heshima walirudi kaburini. Safari hii polisi wenye silaha walikuwa jirani yao.

Angekuwa na risasi, angepona?

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema neno moja: wangempa risasi. Ni neno linalotoka moyoni, na dada yangu alilisema hilohilo. Nililipeleka kwenye uwanja wetu wa mazoezi kule Buswelu nikaone litasimama vipi.

Tuna bunduki za mbao za kufundishia. Nilimsimamisha kijana mmoja kama mlinzi wa heshima: visigino pamoja, kifua mbele, macho mbele, hageuzi shingo, hajibu salamu, inzi akitua puani anamwacha. Nikawapanga wengine kumi na wanne wazunguke kama watalii, wacheke, wapige picha. Mmoja wao, asiyejulikana na yule aliyesimama, nilimpa kijiti na kumwambia amguse mgongoni wakati wowote atakaopenda. Kisha nikamwambia mlinzi: bunduki yako ina risasi, ukimwona adui una ruhusa kamili ya kufyatua.

Tulibadilishana zamu asubuhi nzima. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kabla hajaguswa. Hata wale wepesi, hata yule kijana wa Sengerema ambaye kwenye mazoezi ya kawaida huwezi kumnyatia. Wakaanza kulalamika: "Mwalimu, umenifunga shingo halafu unataka nikuone nyuma?"

Lalamiko hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Lindo la heshima na lindo la kweli zina amri zinazopingana. Mlinzi wa kweli anaishi kwa shingo yake: anageuka, anahama, anabadilisha mahali pa kusimama ili asizoeleke, anatazama mikono ya watu kuliko sura zao. Mlinzi wa heshima anasifiwa kwa kutofanya hata kimoja katika hivyo. Ukimjazia magazini umembadilishia uzito wa bunduki. Macho umemwacha nayo yaleyale mawili, yote yakitazama mbele. Cirillo alipigwa kutoka nyuma. Hata angekuwa na risasi thelathini, risasi ya kwanza ya adui ingemfika kabla hajajua kuna adui.

Hata angetokea mbele ingekuwa hivyohivyo. Kutoka kwenye mkao wa heshima hadi kufyatua, mtu anapaswa kuinua silaha, kukoki, kutoa kitufe cha usalama, kulenga, na kuangalia ni nani yuko nyuma ya anayelengwa. Yule mwenye Winchester alikuwa ameyamaliza yote hayo kabla hajafika.

Mwenzake upande wa pili

Darasani kijana mmoja hakuridhika, na alikuwa na haki. Akasema: "Sawa mwalimu, Cirillo asingepona. Na yule mwenzake je? Angekuwa na risasi, jamaa asingefika Bungeni."

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, na sitaki kuipita juujuu. Mwenzake alisikia mlio, aliona, alikuwa na bunduki ya kijeshi mkononi, na hakuna alichoweza kufanya nayo. Kumfikiria tu kunauma. Kuna mtu anaweza kusema kwamba hapo risasi chache zingeleta tofauti, na siwezi kumwambia haiwezekani.

Ila nataka tutazame mahali penyewe. Ni katikati ya mji, barabara zinazunguka mnara pande zote, asubuhi ya siku ya kazi. Risasi ya bunduki ya vita haijui kusimama kwa sababu imemkosa aliyekusudiwa. Inaendelea mamia ya mita mbele, na mbele kuna mwanamke anayevuka barabara na dereva aliyesimama kwenye taa. Anayefyatua ni kijana ambaye sekunde tatu zilizopita alikuwa sanamu, rafiki yake anavuja damu pembeni, mapigo ya moyo yako kooni. Nimewafundisha watu kulenga. Najua mkono unavyokuwa katika hali hiyo hata kwa mtu aliyetulia.

Tena siku hiyohiyo, mji huohuo, kuna waliomzuia mtu yuleyule kwa silaha zenye risasi, na wakafaulu. Vickers alikuwa mtu wa sherehe kuliko hata yule koplo. Mpambe wa Bunge ndiye anayebeba siwa, anaingia nayo ukumbini kwa mwendo wa taratibu, amevaa mavazi rasmi. Lakini siwa ilikuwa imewekwa mahali pake, na bastola yake ilikuwa karibu. Milio ilipoanza aliacha kazi ya kwanza akaingia ya pili. Alikuwa na mahali pa kujikinga, ukumbi ulionyooka na onyo la milio iliyotangulia, na juu ya yote hakuna aliyemfunga shingo. Silaha ilifanya kazi pale ambapo mwenye silaha alikuwa huru kuitumia.

Mdomo juu ya kiatu

Kuna jambo ambalo asiyewahi kusimama kwenye gwaride la msiba hawezi kuliwaza, nami naona ndilo linalokata shauri.

Kwenye maziko na kumbukumbu za kijeshi kuna mkao wa maombolezo: bunduki inageuzwa, mdomo unatazama chini na mara nyingi unaegemea juu ya kiatu cha askari mwenyewe, viganja viwili vinapumzika juu ya kitako, kichwa kinainama. Ni mkao mzuri sana. Silaha imelala, mwenye silaha anahuzunika. Sasa weka risasi ndani ya bunduki hiyo. Kanuni ya kwanza ninayomfundisha kijana siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha kifyatulio kiko wapi, ni kwamba usielekeze mdomo wa bunduki mahali usipotaka kupapiga. Mkao wa maombolezo unavunja kanuni hiyo kwa dakika nyingi mfululizo, juu ya mguu wa mtu aliyesimama juani hadi magoti yanataka kulegea. Na kiongozi anapokagua gwaride, anapita hatua moja mbele ya mstari wa midomo ya bunduki. Taratibu zote hizi zimejengwa juu ya bunduki tupu. Ukijaza, ubadilishe na gwaride lote.

Nimeshaona risasi ikitoka bila kuitwa. Ilikuwa kwenye yadi moja hapa mjini, wakati wa kubadilishana zamu saa kumi na mbili asubuhi. Kijana aliyekuwa anatoka alisema bunduki haina kitu. Aliyekuwa anaingia alimwamini, wakaikabidhi mkono kwa mkono bila kufungua chemba. Mlio ule sijausahau. Risasi ilitoboa bati la kibanda juu ya kichwa cha mama ntilie aliyekuwa anawakoroga uji walinzi wangu. Hakuumia. Alikaa chini, mwiko mkononi, akabaki anatazama tundu lile la bati huku mwanga unampiga usoni. Makosa yalikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa zamu na sikusimama pale kuhakikisha. Tangu siku hiyo darasani kwangu hakuna bunduki "isiyo na kitu" hadi macho mawili tofauti yameona chemba iko wazi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "wajaziwe tu, watakuwa makini", nakumbuka mwiko ule.

Hata risasi za heshima zinazopigwa makaburini, ambazo ni baruti bila kichwa, zinaelekezwa angani na zinapigwa kwa amri ya mtu mmoja, kwa sababu hata baruti peke yake inajeruhi mtu aliye karibu. Na hizo ni zile tunazoziita hazina kitu.

Bunduki kama windo

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu nyingine ya kusita, ambayo Wakanada hawakuwa nayo akilini. Septemba 6, 2014, wiki sita na siku chache kabla ya kisa cha Ottawa, majambazi walivamia kituo cha polisi cha Bukombe, mkoani Geita, wakaua askari wawili na kuondoka na bunduki. Miaka saba baadaye, Agosti 25, 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mmoja aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi, na silaha alizowapora askari ndizo alizoendelea kuzifyatua barabarani.

Askari wale walikuwa na risasi. Walikuwa huru kugeuka. Walikuwa kazini hasa, si kwenye sherehe. Bado walishtukizwa. Sasa fikiria mtu aliyesimama wima, hageuki, saa zake zinajulikana, mahali pake panajulikana, na kila mtu anajua bunduki yake imejaa. Kwa jambazi, huyo amesimamisha ghala dogo la silaha hadharani. Bunduki tupu angalau haimpi adui kitu cha kutumia dakika hiyohiyo.

Risasi zilizoingia kwa mlango wa nyuma

Mpaka hapa ningeweza kumwambia dada kwamba bunduki tupu ndiyo sahihi, nikamaliza. Kilichonizuia ni Cairo.

Oktoba 6, 1981, Rais Anwar Sadat wa Misri alikuwa ameketi jukwaani kutazama gwaride la kukumbuka vita vya 1973. Askari wa gwaride walikatazwa kubeba risasi za moto. Luteni Khalid Islambouli, aliyepewa lori mojawapo la kuvuta mizinga, alikuwa amewaondoa askari wake halali na kuweka wenzake watatu. Ndege za kivita zikapita juu, watu wakainua macho. Lori likasimama mbele ya jukwaa. Sadat alipoona askari wanakuja alisimama, na inasimuliwa kwamba alidhani wanakuja kumpa heshima. Mabomu ya mkono yakarushwa, bunduki zikafuata. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisa hiki kinavuta huku na huku. Anayetaka bunduki tupu anasema: mnaona, ndiyo maana risasi zikakatazwa. Anayetaka bunduki zilizojaa anasema: mnaona, katazo liliwafunga wema peke yao, mwovu akaingia na zake. Wote wana kipande cha ukweli. Kwangu mimi kosa la Cairo lilikuwa kuichukulia amri kama ukaguzi. Amri ilisema "hakuna risasi", na walinzi wa kweli wakapumzika juu ya neno hilo, kama yule kijana wangu wa yadi alivyopumzika juu ya neno la mwenzake.

Linganisha na Colombo, Julai 30, 1987. Waziri Mkuu Rajiv Gandhi wa India alikuwa anakagua gwaride la heshima la jeshi la maji la Sri Lanka, siku moja tu baada ya kutia saini mkataba ambao wengi pale waliuchukia. Askari mmoja mstarini aligeuza bunduki akampiga kwa kitako. Gandhi aliinama upesi, pigo likamfika begani, akaondoka akitembea kwa miguu yake. Hasira ilikuwepo, mkono ulikuwepo, mtu alikuwa hatua moja. Ila kilichofika begani mwa Gandhi kilikuwa mbao.

Tuwaweke vipi, basi

Huku kwetu, Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Zinafuata sime, shada la maua, upinde na mishale, na shoka. Ni silaha zote za babu zetu zinalazwa chini. Hakuna anayeuliza kama mshale ule umepakwa sumu. Pale mshale umeacha kazi ya kuua, unasema: hawa walipigana, na sasa wamepumzika. Kule Kaboya, wilayani Muleba, wamelala vijana wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vita ambavyo hata sisi wa Mwanza vilitufuata nyumbani, pale ndege ya Libya ilipokuja Machi 1979 kulenga ghala la mafuta, ikakosa, bomu likaua swala wa Kisiwa cha Saanane. Bunduki ya mlinzi wa heshima kwenye makaburi kama yale iko katika safu moja na mkuki na mshale. Naitaka ibaki hivyo. Naitaka tupu.

Lakini anayemvua mtu risasi na kumfunga shingo anabeba deni la kumlinda, na deni hilo halilipwi kwa maneno. Hapa ndipo Ottawa walipokosea. Waliweka watu wa heshima, wakasahau kuweka watu wa kuwalinda. Na onyo walikuwa nalo: siku mbili nzima tangu mwenzao agongwe kwa gari kwa sababu tu ni askari. Lindo lilipaswa ama kuimarishwa ama kuondolewa asubuhi ileile. Kuliondoa kwa siku tatu si woga, na aliye kaburini asingenung'unika.

Kama ningeulizwa, kila penye askari wa heshima wawili ningeweka mlinzi mmoja wa kweli. Avae sare ya kawaida, isiyovuta macho. Asimame pembeni, mahali anapoona migongo ya wote wawili. Awe na bastola yenye risasi badala ya bunduki ya vita, kwa sababu ya watu waliojaa. Awe na simu ya upepo. Na kwa zamu yake yote aipe sherehe mgongo. Hili la mwisho ni gumu kuliko mnavyodhani. Nimewahi kuwaweka vijana wazuri kwenye shughuli, na bendi ikianza kupiga wote wanageuka kutazama bendi. Mlinzi anayetazama sherehe ni mgeni mwalikwa kama wengine.

Jambo la pili halihitaji hata shilingi. Askari wa heshima apewe ruhusa iliyo wazi, iliyofanyiwa mazoezi, ya kuvunja kwata. Kuwe na neno moja au mlio mmoja wa filimbi ambao akiusikia yeye si sanamu tena: alale, akimbie, ajifiche nyuma ya jiwe, amburute mwenzake. Tulilijaribu Buswelu. Mara ya kwanza nilipopiga filimbi vijana walibaki wamesimama, wananitazama kwa pembe ya jicho, wanaogopa kukemewa. Ilibidi nirudie mara sita ndipo miguu ikaamini. Jeshi linatumia miezi kumfundisha mtu asitikisike. Linawiwa angalau siku chache za kumfundisha lini atikisike.

Tatu, kamba au mnyororo wa kuwaweka watazamaji mbele tu, mgongoni pasipitike. Wapiga picha watalalamika. Wavumilie.

Na ukaguzi wa silaha ufanywe kwa macho mawili yasiyo ya kombania moja, chemba wazi, magazini mkononi, dakika chache kabla ya kuingia uwanjani na si jana yake usiku. Kwa ajili ya Cairo.

Yapo malindo ambayo haya yote hayayahusu. Askari anayelinda ghala la silaha, daraja au makazi ya kiongozi, hata akivaa nadhifu namna gani na watoto wakaja kupiga naye picha, huyo yuko vitani na bunduki yake iwe na chakula chake. Hatari inazaliwa pale wakubwa wanapotaka mtu mmoja awe vyote viwili.

Nilimweleza dada haya kwa kifupi, jioni moja pale Mwaloni, huku anachambua dagaa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kwa hiyo mwanangu atakuwa na bunduki tupu?" Nikamwambia sijui ya mwanao itakuwaje, nimekwambia ninavyoamini inavyofaa. Akanyamaza. Alhamisi yake alifunga kizimba, akapanda meli ya usiku kwenda Bukoba kumtazama kwa macho yake.

Alinipigia siku ya pili mchana, upepo unavuma kwenye simu. Alisema kijana amesimama vizuri, kakonda kidogo. Kisha akasema, "Kaka, yule uliyenieleza nimemwona. Kuna mmoja pembeni, muda wote hakutazama gwaride hata mara moja, alikuwa anatutazama sisi. Jua lilikuwa kali, nikampelekea maji. Akakataa kuyapokea, akaniambia mama rudi nyuma ya kamba."